Kikohozi cha Kiranja

Tulimwita Kiranja. Siku hizi akiingia mahakamani watu husimama na karani hupaza sauti, na wengine humwita Mheshimiwa. Mimi pia husimama, maana ndiyo kazi yangu, lakini moyoni nasema: huyo Kiranja huyo. Na damu inanichemka. Nimejaribu kuandika habari zake katika daftari langu si mara moja, na kila nikianza naishia kwenye matusi, nachana ukurasa, naanza tena. Matusi si habari. Shule yangu ni ya darasa la nane, na hilo la nane lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo msomaji akiona sentensi imepinda anisamehe. Nikimdhulumu mtu huyu, asinisamehe.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitaandika. Watu wa Likoni wanajua, na wasio wa Likoni haitawasaidia kitu.

Darasani tulikuwa sita. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza mahakama za bara, huku nje ya kisiwa, zilikuwa na haja ya makarani na wakalimani, watu wa kusimama kati ya hakimu Mzungu na shahidi aliyetoka Jomvu au Rabai asiyejua hata neno moja la Kizungu. Wakatukusanya katika chumba cha bati Changamwe, upande wa reli, chini ya mwalimu mmoja mzee aliyekuwa karani mkuu kabla ya macho yake kuharibika. Asubuhi tulikaa benchi la nyuma la mahakama tukisikiliza kesi za kweli. Alasiri tulirudi chumbani kwetu kufanya kesi za kuigiza: mmoja hakimu, mmoja mshtakiwa, mmoja shahidi, mmoja mkalimani, na wawili waliobaki wasikilizaji.

Siku ya kwanza mwalimu alipoingia alimkuta kijana mmoja ameshafika na ameshafagia chumba chote, viti vimepangwa, yeye kasimama mlangoni na ufagio kama askari na bunduki. "Wewe ndiye kiranja," mwalimu akasema, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyepiga kura. Nami nisijifanye kuwa nilinung'unika. Nilifurahi, maana niliogopa ningeambiwa mimi.

Alikuwa wa nyumba ya Kiswahili ya zamani, wa watu wenye maduka, ambao hata wakigombana hugombana kwa salamu kwanza. Ijumaa alivaa kanzu iliyotiwa wanga mpaka ikasimama peke yake. Siku nyingine shati la mikono mifupi, limepigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni, moja yake na moja ya kumwazima atakayesahau. Kila siku kulikuwa na aliyesahau, mara nyingi mimi. Alitoka Likoni, akavuka feri, akapanda basi mpaka Changamwe, na bado alifika kabla yetu sote, hata waliolala upande uleule wa bara. Alifagia chumba mwenyewe mwaka mzima. Lakini kuchota maji hakuchota hata siku moja. Mtungi ukikauka aliutazama tu, mpaka mmoja wetu aone haya akainuka. Sijapata kujua kwa nini ufagio haukumshushia heshima na ndoo ingemshushia.

Tulikula pamoja, sinia moja sisi sita. Mbaazi na mahamri, au muhogo na samaki wa kukaanga, kilichopatikana. Kipande kizuri cha samaki kikiwa upande wake alikisukuma kwa kidole kimoja upande wa mwenzake, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi, huku akiongea jambo jingine kabisa ili usipate nafasi ya kumshukuru. Hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi, na naliandika hapa mapema ili baadaye nisilisahau kwa hasira.

Ulimi wake nao ulikuwa na upande mwingine.

"Hicho Kiswahili umekiokota wapi, yakhe? Gatini?"

Hayo aliniambia mimi. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, lakini nilikulia kwa watu waliohamahama na kazi, na maneno yangu yalikuwa yamechanganyika. Karisa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kigiriama ndani yake waziwazi, hakumcheka hata mara moja. Nikamwuliza siku moja kwa nini. Akanijibu, "Karisa ana lugha yake, anaazima yangu. Wewe hii ni yako na bado waichezea." Nilikaa na jibu lile siku nyingi nikitafuta pa kulipinga. Sijapapata, na ndiyo maana nalichukia.

Huyo Karisa alikuwa mtoto wa wakulima wa huko ndani, Mkristo, amepanga chumba Mikindani. Alikuwa hodari kuliko sisi sote isipokuwa Kiranja, na siku nyingine kuliko Kiranja pia. Wawili hao walifuatana katika kila jaribio, leo huyu mbele, kesho yule. Na walipendana. Baba yake Karisa alipofariki, Kiranja alikwenda matanga yote, hanga kama wao wanavyoita, akalala chini kwenye mikeka na watu asiowajua, akarudi macho mekundu na kanzu imejaa vumbi. Naomba msomaji alikumbuke hilo pia. Mimi nilikwenda siku moja tu, nikarudi.

Kazi yetu ina jambo moja ambalo mtu wa nje hulishangaa. Mkalimani hasemi "shahidi anasema aliona." Husema "mimi niliona." Shahidi akisema ameiba, wewe unasema mimi nimeiba. Unakuwa kinywa chake. Jambo hili lilitutoa jasho, na Kiranja alitushika hapo kwa nguvu. "Maneno ya shahidi ni amana," alisema. "Useme kilichosemwa. Usipunguze, usiongeze, usikipake mafuta. Hata kikikuuma."

Nikawa najifunza nyumbani kwa shangazi yangu, huko Mjambere, Kisauni, nimekaa uani, nasema kwa sauti: "Mimi ndiye niliyemchoma kisu. Sikukusudia afe. Nilimchoma kwa sababu ya hasira." Nikarudia, nikarudia, kwa Kiswahili na kwa Kizungu. Shangazi alikuwa jikoni. Nilipomaliza nikaona ua umejaa majirani, na shangazi amekaa chini na kanga kichwani analia. "Alikuwa mtoto mzuri huyu," anawaambia. "Hata kuku hachinji!"

Kueleza nilieleza, hakuna aliyenielewa. Kesho yake Kiranja aliposikia akaja mwenyewe kutoka Likoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenzake katika mauaji?"

"Mimi ndiye mkubwa wao," akasema, wala hakucheka. Akaomba kiti, akamkalisha shangazi juu yake kama hakimu, akanisimamisha mimi kati, na yeye mwenyewe akawa mshtakiwa aliyeiba nazi. Akaungama kwa Kizungu kibovu makusudi, nami nikafasiri: mimi niliiba, mimi nilikuwa na njaa. Majirani wakaelewa pale pale. Shangazi akanihukumu mimi kwenda kuteka maji, maana alisema aliyekiri ni yule ambaye yeye alimsikia akikiri. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mpaka leo shangazi akiniona huuliza, "Yule mwizi wa nazi yuko wapi?" Namjibu yuko salama. Sijapata kumweleza mengine.

Sasa nifike kwenye kikohozi.

Kikohozi alikibuni yeye. Mwalimu wetu hakuona vizuri na hakusikia vizuri, na katika kesi zetu za kuigiza mtu akikosea hakukuwa na wa kumrudisha isipokuwa sisi wenyewe. Kumkatiza kwa maneno ni utovu wa adabu, hata katika mchezo. Basi Kiranja akaweka sheria. Waliokaa benchi la nyuma wasikilize. Ukimsikia mkalimani ameacha neno la shahidi, kohoa mara moja. Akiongeza la kwake, kohoa mara mbili. Anayekoholewa asigeuke, arudi alipoacha, aiseme sentensi nzima upya, aendelee. Mkalimani ana ruhusa ya kujirudi kabla swali jingine halijaulizwa. Hiyo ni sheria ya mahakama, sisi tuliongeza kikohozi tu.

Tukakizoea kama watoto wanavyozoea kengele. Tukawa tunakoholeana hata kwenye sinia: mtu akisimulia safari yake akaruka sehemu, benchi zima linakohoa. Tulipokaa mahakamani kwenye kesi za kweli, vikohozi vilitutoka vyenyewe, na hakimu alipata kuuliza kama vijana hawa wanakaa mahali penye unyevu. Na kila mmoja alijua kikohozi cha mwenzake bila kugeuka. Cha Salim, kijana wa Magongo mpenda usingizi, kilikuwa kama mtu anayeamshwa. Cha Karisa chepesi, cha kuomba radhi. Cha Kiranja kilikuwa kifupi na kikavu, kama komeo linapoingia mahali pake. Ukikisikia hukujiuliza. Ulirudi.

Changu kilikuwa kichekesho cha darasa. Nilikohoa ovyo. Nilikuwa nasikiliza kwa hofu, na mwenye hofu husikia makosa kila mahali. Nilikohoa mtu akipumua, nikakohoa akiwa hajamaliza. Kiranja akanipa jina: Kifua. "Kifua, nenda zahanati." "Kifua, leo umemeza nini?" Benchi likacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu usipocheka ndiyo mbaya zaidi. Mwisho nikikohoa hakuna aliyerudi nyuma. Walisubiri. Kiranja akikohoa baada yangu, walirudi. Akinyamaza, waliendelea. Ndivyo alivyotufundisha, na ndivyo tulivyojifunza.

Mtihani tulifanyiwa ndani ya mahakama yenyewe. Hakimu Mzungu alikuwa na kesi ya kuigiza imepigwa taipu mbele yake, na mashahidi walikuwa wazee waliofundishwa maneno ya kusema. Kwa matamshi angesamehe. Kwa neno la kutafuta angesamehe. Lakini mkalimani atakayeacha sentensi ya shahidi na asijirudi, huyo hana kazi, na kurudia mtihani hakuna mpaka hakimu mwingine amkubali kwa kinywa chake. Hayo tuliambiwa wazi kabla hatujaingia. Tuliambiwa pia kuwa atakayekuwa wa kwanza atapelekwa kusomea uhakimu. Kila mtu aliwatazama Karisa na Kiranja.

Kiranja alianza, akamaliza bila doa, akaja kukaa nasi benchi la nyuma. Akafuata Karisa.

Shahidi wake alikuwa mama mmoja mzee wa Kigiriama. Akaulizwa kama alimwona mtu akitoka shambani na gunia. Akajibu kwa Kigiriama, kwa urefu: alimwona, mtu mrefu, anakwenda kwa kuchechemea, lakini jua lilikuwa linampiga machoni. Karisa akafasiri. Palikuwa na neno gumu la Kizungu kwa huko kuchechemea, na Karisa akalipata. Nilimwona alivyolipata, bega lake lilishuka kwa furaha. Na akiwa bado yumo katika furaha ile, akaishia hapo. Jua machoni akaliacha.

Nikakohoa. Mara moja. Kigiriama changu ni cha sokoni lakini jua nililisikia, na sikuwa na shaka hata kidogo.

Karisa akasita. Akafanya lile tulilokatazwa, akageuka. Hakunitazama mimi. Alimtazama Kiranja. Na Kiranja alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, uso mtulivu kama mtu anayesikiliza mawaidha. Komeo halikuingia. Karisa akarudisha uso mbele, hakimu akaandika kitu, swali jingine likaulizwa.

Basi, kwisha.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Katikati ya shahidi wangu nilisikia nyuma yangu kile kikohozi kifupi, kikavu. Sikufikiri. Nilirudi, nikaisema sentensi nzima upya, na nikajikuta kweli nilikuwa nimeacha jina la kijiji. Nikapita. Nina kazi hii ninayoifanya kwa sababu ya kikohozi kile. Watu wakisema nina chuki na mtu aliyenisaidia, ni kweli alinisaidia, na chuki ninayo. Chumba kilekile, siku ileile, kifua chake kilekile.

Salim alikuwa na maelezo yake. "We hujaona? Wawili wanashindana, mmoja kaanguka, atakohoa nini? Tena yeye mtu wa nyumba kubwa, Karisa mtoto wa shamba." Wengi walisema hivyo, na zama zile za kugombania mwambao ni wa nani maneno kama hayo yalipata masikio haraka. Mimi sikuweza kuyameza yote. Mtu aliyelala hanga ya baba yake Karisa, aliyemsukumia samaki? Lakini vilevile sikuweza kuyatema. Kiranja alipelekwa kusomea uhakimu. Karisa alikwenda Kipevu, walikokuwa wakijenga gati mpya, akabeba mifuko ya saruji.

Na Karisa hakukasirika! Hilo lilinitia wazimu. Nilimwendea mara kwa mara saa ya mapumziko, amekaa juu ya mbao na vumbi la saruji kwenye kope.

"Nilikosea mimi, mwenehu," alisema, kwa neno lao la ndugu. "Yule mama alisema, mimi sikusema. Kiranja anaingiaje hapo?"

"Alisikia!"

"Wajuaje?"

"Yeye asisikie, nisikie mimi?"

Akacheka. "Hapo kweli."

Ikapita miaka. Kiranja alipangiwa kazi mbali, pwani ya kaskazini, hatukuonana. Mwaka huu wa uhuru, bendera zikiwa bado zinashonwa, tukasikia amerudishwa bara ya Mombasa kuwa hakimu wetu. Wazungu walikuwa wanafunga masanduku, wakalimani walihitajika kuliko zamani, na Karisa kwa mara ya kwanza akasema kuwa anataka kurudia mtihani. Alihitaji hakimu wa kumkubali.

"Nenda kwa Kiranja," nikamwambia.

"Sina neno naye. Lakini miguu haitaki." Akatazama saruji. "Nenda wewe uniombee."

Nikaenda. Nilivuka daraja la Nyali, nikapita kisiwani, nikavuka feri, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta barazani kwake na kanzu ya nyumbani, amenenepa kidogo, miwani puani.

"Kifua! Starehe, starehe. Mbona umepotea, yakhe?"

"Sikupotea. Wewe ndiye uliyehama."

"Haya, nimehama mimi." Akamimina kahawa mwenyewe, akasogeza sahani ya kaimati upande wangu kwa kidole kimoja. Kidole kile kilinipandisha hasira upya. Yale niliyoyapanga yote yakanitoka.

"Siku ya mtihani Karisa aliacha maneno," nikasema.

Hakuuliza mtihani gani. "Aliacha."

"Ulisikia?"

"Jua machoni. Nilisikia."

"Na hukukohoa."

"Sikukohoa."

"Kwa nini?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu. "Kwa sababu ulikohoa wewe."

Nilidhani ananichezea. "Kikohozi changu nani alikiamini? Wewe ndiye uliyenipeleka zahanati kila siku!"

"Siku ile kilikuwa mahali pake. Mwaka mzima hakikuwa mahali pake, siku ile kikawa. Nikasema moyoni, haya, leo Kifua amepata. Ningekohoa juu yako ningekuwa nawaambia wote, yule msimjali, nisikilizeni mimi."

"Mtu anapoteza kazi, wewe wachunga heshima yangu?"

"Nilidhani atarudi. Alipogeuka kunitazama, wakati ulikuwa umekwisha. Hakimu alishashika kalamu."

"Na mimi? Mbona mimi ulinikoholea?"

"Wewe nani angekukoholea? Karisa na wale wengine wawili walikwishatoka nje, Salim amelala. Karisa alikuwa nawe. Wewe hukuwa na mtu."

Nitasema ukweli, jibu lilikuwa zuri, lilikaa kama ushahidi uliopangwa na mtu anayejua kupanga ushahidi. Na ndiyo maana nilizidi kuwaka. Nikamwambia kuwa walikuwa wawili wanafuatana, na mmoja alipoanguka mwingine akapanda.

"Wasemao hayo nawajua," akasema. "Nami hujiuliza. Kuna siku najijibu la, wallahi. Kuna siku sijijibu."

"Basi nijibu hili. Nani aliyemfundisha Karisa asikiamini kikohozi changu?"

Alitazama ndani ya kikombe chake, akakizungusha, akakiweka chini.

"Hilo," akasema, "sina jawabu lake."

Nikainuka. Nilihisi nimeshinda kesi. Naye akainuka, maana ana desturi ya kumsindikiza mgeni, hakuachi mpaka upite nyumba kadhaa. Tulipokuwa darasani alitusindikiza mmoja mmoja mpaka stesheni. Nikamwambia, "Usinisindikize." Akasimama kizingitini, hakubishana.

Nikashuka njia ya kwenda feri. Sikuwa nimefika mbali. Nyuma yangu akakohoa. Mara moja, kifupi, kikavu, komeo mahali pake.

Nilisimama. Nikasema, vumbi. Nikasema, kahawa. Nikasema, anathubutu vipi! Lakini miguu haikwenda mbele, na kichwa changu, bila ruhusa yangu, kilikwisha kuanza kurudi nyuma, sentensi kwa sentensi, kama nilivyofundishwa, kutafuta nilichoacha. Nikakiona. Nimetoka Kisauni mpaka Likoni nimetumwa neno moja, nimesema yote ya kwangu, na lile nililotumwa sikulisema.

Mwenyezi Mungu ajua nilivyochukia kugeuka. Niligeuka. Nikarudi mpaka kizingitini, nikalisema zima, kwa "mimi" yake, kama mkalimani:

"Mimi Karisa nataka kufanya mtihani tena. Nahitaji hakimu wa kunikubali. Nakuomba wewe."

"Sasa umemaliza," akasema Kiranja. Hakutabasamu, angetabasamu nisingejua ningefanya nini. "Mtu havuki daraja na feri kuja kunitukana tu. Nilikuwa nangoja. Mwambie aje nimsikilize mbele ya watu. Akifasiri sawasawa nitamkubali. Kwa hasira yako sitamkubali, wala kwa aibu yangu."

"Na akiacha neno?"

Akatazama njia, si mimi. "Mlango wa mahakama uko wazi kwa kila mtu. Na benchi la nyuma halina mwenyewe."

Kwenye feri nilisimama mbali na watu. Nilikuwa nimepata nilichotumwa, na nilikuwa na hasira kuliko nilipokwenda. Hata kumwombea mwenzangu haki nimewezeshwa na yeye. Nimeyapitia tena haya yote niliyoandika, nikitafuta pa kumhukumu moja kwa moja, na kila mahali kuna samaki, kuna hanga, kuna mwizi wa nazi uani kwa shangazi. Lakini Karisa amebeba saruji miaka yote hiyo, na yeye alisikia. Hilo halifutwi na samaki.

Kesho yake nikaenda Kipevu. Nikamwambia Karisa kila neno, sikupunguza, sikuongeza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaondoa vumbi kwenye kope.

"Kwa hiyo siku ile ulikohoa kweli? Ulikuwa na sababu?"

"Nilikuwa nayo."

"Mimi nilisikia. Nikasema, Kifua huyo." Akanisogezea nafasi kwenye mbao. "Utakuja ukae nyuma?"

"Nitakuja."

"Basi safari hii sigeuki kwa mtu. Nikikusikia, narudi." Akaninyooshea kidole chenye saruji. "Lakini tafadhali, mwenehu, usikohoe ovyo."

Mtihani bado. Mimi tangu siku hiyo, hata vumbi likinipanda kooni, nalimeza.